Taa ya kipanya

Kiangazi cha Bukavu kina vumbi lake, na ndani yake kina msimu mwingine ambao haumo kwenye kalenda: msimu wa TFC. Ukifika mwezi wa saba, wanafunzi wa mji mzima wanakumbuka kwa pamoja kwamba TFC, yaani kazi ya kumaliza masomo, inatakiwa iwe imechapwa, imefungwa vizuri, nakala nne, kabla ya Ijumaa. Mimi nina sekretaria, kile kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi ambacho hapa kwetu hakikosekani mtaani, kwenye mteremko unaoshuka kutoka Nyawera. Meza mbili, printa moja, mashine ya fotokopi yenye hasira zake, na kompyuta moja ya mezani niliyoinunua okazi, yaani ilishatumika huko ilikotoka na mimi sikuuliza mengi.

Jumanne hiyo kijana mmoja alikuwa ameketi kando yangu. Direkta wake, mwalimu anayemsimamia kazi hiyo, alimrudishia kurasa zilizojaa wino mwekundu. Kijana anasoma, mimi narekebisha. Tukafika hitimisho. Akataka kuongeza picha iliyokuwa kwenye flashi nyingine, akainama mwenyewe na kuisukuma kwenye tundu la mbele la kompyuta. Ikakataa. Akaisukuma tena, kwa nguvu za mtu anayeiona Ijumaa inakuja.

Nikasikia ule mlio ambao Windows huutoa kifaa kinapochomolewa, noti mbili zinazoshuka. Halafu tena. Halafu tena. Kwenye kona ya skrini kikatokea kisanduku kidogo kikisema umeme umezidi kwenye tundu la USB, na kabla sijamaliza kukisoma kikatoweka. Nikainua macho kuitazama balbu. Ilikuwa inawaka vizuri tu.

"Yaya, umeandika ile sentensi ya mwisho?" akauliza kijana. Kwetu yaya ni jina la heshima la kumwita mkubwa wako.

"Ndiyo naandika."

"Mbona haitokei?"

Haikutokea kwa sababu kibodi ilikuwa imekufa. Kipanya nacho. Printa, ambayo pia hupokea amri kwa waya wa USB, ikawa kama haijawahi kuwepo duniani. Skrini peke yake ndiyo iliyobaki hai, na katikati yake kile kijistari kinachopepesa, kinangoja.

Kukaa mbele ya kompyuta nzima na huwezi kuiambia neno ni mateso ya aina yake. Hati iko wazi, haijahifadhiwa, unaiona kwa macho yako na mkono haufiki. Majirani wakaja, kama kawaida ya mteremko wetu, ambapo mtu akipiga chafya juu, wa chini wanamtakia afya. Mama anayeuza maandazi mlangoni alisema ni umeme. Kijana wa kutengeneza simu alisema ni virusi, kwa sababu flashi za wanafunzi zimepita kila mahali na zinabeba kila kitu. Wote wawili walikuwa na hoja nzuri. Mimi niliamini umeme asubuhi, na virusi baada ya chakula cha mchana.

Kwanza ilibidi kuokoa kazi ya kijana. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka mashine ikazimika kabisa, kijana amefumba macho kama anayechomwa sindano. Bahati nzuri Word, kama hujaibadilisha, hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Tulipofanikiwa kuifungua tena, saa mbili baadaye, tulikuta imepoteza aya moja na nusu. Aliniambia hiyo aya hata direkta hakuipenda.

Lakini hizo saa mbili zina hadithi yake. Kompyuta iliwaka, ikafika pale inapodai neno la siri, ikasimama. Kibodi bado imekufa, sasa neno la siri nitaliandika na nini? Nyuma ya mashine hii kuna matundu mawili ya duara, la zambarau na la kijani, mabaki ya zamani ambayo kompyuta nyingi mpya hazina tena. Ni ya PS/2, mtindo ambao IBM waliutoa mwaka 1987: zambarau la kibodi, kijani la kipanya. Hayapiti kwenye USB kabisa. Nikakumbuka sanduku lililo chini ya meza, lenye nyaya za vifaa vilivyokufa, na ndani yake kibodi ya kizamani yenye mkia wa duara. Nikaizima mashine kwanza, kwa sababu PS/2 haipendi kuchomekwa mashine ikiwa inafanya kazi. Mara nyingi haitambuliwi, na wakati mwingine unaunguza kitu. Nikachomeka, nikawasha. Taa tatu za kibodi zikamweka. Sijawahi kufurahia taa hivyo.

Nikaandika neno la siri. Likakataliwa. Nikaandika polepole. Likakataliwa. Kijana akaanza kusali kwa sauti ndogo.

Ilinichukua muda kuona kosa. Sisi tunatumia mpangilio wa Kifaransa, wa AZERTY, na Windows yangu imepangwa hivyo. Kibodi ya sanduku ilikuwa imetoka nchi ya Kiingereza, herufi zake zimepangwa QWERTY. Nikibonyeza palipochorwa A, Windows inapokea Q. Palipochorwa W inapokea Z. M imehamia kwenye nukta-mkato, na tarakimu zote zinataka Shift. Maneno ya siri yanaandikwa kwa nukta nyeusi, kwa hiyo huoni unachokosea. Ilibidi nifumbe macho na kuviacha vidole viandike pale vilipozoea, bila kutazama kilichochorwa. Vidole vilijua. Macho ndiyo yaliyokuwa yananidanganya.

Tukaiokoa kazi ya kijana, naye akashuka kwenda kuchapisha kwingine akiwa na picha ya skrini kwenye simu na huzuni usoni. (Flashi bila shaka haikuonekana. Ilibidi hati nzima isafiri kwa barua pepe, kwa vifurushi vyangu vya intaneti, na hilo sitalisahau.) Mimi nikabaki na mgonjwa.

Hapa ndipo nilipopoteza nusu siku, na naieleza kwa sababu najua si mimi pekee. Niliingia kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows bila kipanya, kwa kuandika devmgmt.msc kwenye kisanduku cha amri. Herufi m ziko tatu ndani ya neno hilo, na nimeshaeleza m ilikuwa imehamia wapi. Nikateremka kwa mishale mpaka kwenye kontrola za USB, zile zinazosimamia matundu yake. Zote nzima. Hakuna pembetatu ya njano ya kuonya hata moja. Mtu mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza. Mimi nilizifuta zote, moja baada ya nyingine, nikawasha upya ili Windows izisakinishe tena, kama nilivyowahi kuona watu wakifanya. Zikarudi zote, nzima kama mwanzo, na kibodi ya USB bado imekufa. Nikazima ule utaratibu wa kuipumzisha USB ili kuokoa umeme. Nikazima kuwasha kwa haraka, ambako Windows huwa haijizimi kabisa bali inalala na kumbukumbu zake. Nikatafuta virusi, nikapata vitatu, vyote vya aina ile inayoficha mafaili na kuacha njia za mkato, wala havikuhusika.

Ushauri huu wote si mbaya. Kila kimoja kimewahi kumponya mtu. Lakini nilikuwa nampa dawa mgonjwa ambaye sijamgusa hata paji la uso.

Jioni akapita papa mmoja, mzee anayekaa juu kidogo, fundi wa redio na televisheni tangu wakati ambao televisheni zilikuwa na mgongo. Kompyuta hazipendi. Anasema zimejaa maneno. Nilimsalimu, akaona uso wangu, akaingia.

"Mtoto wangu, nini?"

"Papa, kompyuta haioni kitu chochote cha USB. Nimejaribu kila kitu ndani ya Windows."

Akainama chini ya meza. Akakichukua kipanya, akakigeuza tumbo juu.

"Taa hii huwa inawaka?"

"Inawaka nyekundu, papa."

"Sasa hivi inawaka?"

Haikuwa inawaka. Haikuwa imewaka tangu asubuhi. Kilikuwa kimelala mbele yangu kutwa nzima, tumbo chini.

"Basi unaiuliza Windows nini? Mtu amezimia, wewe unamuuliza jina lake."

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo, na naona alichosema papa ndicho kiini cha jambo lenyewe. Waya wa USB wa kawaida, wa toleo la 2.0 lililotoka mwaka 2000, una nyaya nne ndani: nyekundu inayoleta volti 5, nyeusi ya kurudishia, na mbili za kupitisha habari, nyeupe na kijani. Kifaa hakigunduliwi kwa miujiza. Kikichomekwa, kinapata kwanza zile volti 5, kinaamka, halafu kinauinua mmoja wa nyaya za habari kupitia kipingamizi kidogo, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono darasani. Akinyoosha kwenye waya mmoja, kompyuta inajua ni kifaa cha polepole kama kibodi au kipanya. Kwenye mwingine, ni cha haraka. Ndipo kompyuta inauliza: wewe ni nani? Ndipo draiva, programu ya kukiendesha kifaa hicho, inatafutwa. Ndipo Windows inaingia kwenye hadithi. Volti 5 zisipofika, hakuna mkono ulionyooshwa, na hakuna programu duniani inayoweza kumwona mwanafunzi aliyelala sakafuni. Zile kontrola zilikuwa nzima kweli. Zilikuwa zinatazama darasa tupu.

Papa alikuwa na waya wa simu uliokufa, akaukata, akamenya nyekundu na nyeusi, akauchomeka nyuma ya kompyuta na kupima kwa multimeta yake iliyofungwa na mpira. Ilipaswa kuonyesha 5. Ikaonyesha kitu karibu na sifuri. Tundu la pili, vilevile. La tatu, vilevile. "Umeme hautoki," akasema, kwa furaha ya mtu aliyefika kwenye lugha yake.

Kisha akafanya jambo ambalo ningelifanya tangu asubuhi. Akachomoa waya wa ukutani. Si kuzima kompyuta, kuichomoa. Kompyuta ya mezani ikizimwa na bado imechomekwa ukutani, kuna volti 5 za akiba zinazoendelea kufika kwenye bodi mama, ile bodi kubwa ya ndani. Ndizo zinazofanya taa za baadhi ya vipanya ziendelee kuwaka usiku kucha hata mashine ikiwa imelala. Kwa hiyo mimi nilipokuwa "nawasha upya" mara kumi na kitu, kwa upande wa USB sikuwa nazima lolote. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili mabaki ya umeme yaishe, akafungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi ambalo sitalieleza.

Kutoka kwenye matundu mawili ya mbele unakuja waya mmoja mnene unaoishia kwenye bodi mama kwa kiunganishi chenye sindano tisa, nafasi ya kumi imezibwa. Akauchomoa huo. Akangoja, akaomba chai. Tukanywa. Akasema tuwashe.

Kipanya kikawaka. Nyekundu, kwenye ukuta, kama jicho la sungura usiku. Kibodi ikamweka, printa ikajizungusha, na mimi nikapiga kelele iliyomleta mama wa maandazi.

Tukalitazama lile tundu la mbele kwa tochi ya simu. Ndani ya kila tundu la USB kuna ulimi wa plastiki wenye vijipande vinne vya shaba. Ulimi ulikuwa umevunjika pembeni, na kijipande kimoja, kile cha volti 5, kimejikunja mpaka kikagusa bati la ukingo, ambalo ni kama ardhi. Umeme ukapata njia ya mkato. Kwenye bodi mama kuna fyuzi ndogo ambayo haiungui moja kwa moja kama zile za zamani: ikipitisha umeme mwingi inapata joto, joto linaifunga njia, na inaendelea kufunga mpaka ikatiwe umeme na kupoa. Kwenye bodi zingine kila jozi ya matundu ina fyuzi yake. Kwenye hii yangu ya okazi, inaonekana waliokoa senti chache, na mbele na nyuma vilikuwa vinakula sahani moja. Kijiti kimoja cha shaba kilipojikunja, nyumba nzima ikalala njaa.

Kwa hiyo kile kisanduku cha asubuhi kilisema ukweli mtupu. Umeme umezidi kwenye tundu la USB. Mimi nikatazama balbu, kwa sababu Bukavu mtu akisikia neno umeme macho yanapanda juu yenyewe. Kompyuta haikuwa kipofu wala haikuwa imeambukizwa. Ilikuwa imejifungia mlango ili isiungue, ikaniambia, nami nikamsikiliza kijana wa simu.

Tangu hapo mteja akiniambia "Yaya, flashi haionekani", simjibu haraka, maana neno hilo moja linabeba magonjwa matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni hili langu: hakuna taa, hakuna joto, hakuna mlio. Hapo ni umeme, tundu au waya, na unachomoa kila kitu, unaanza na ukutani. Flashi yenyewe ijaribu kwenye mashine nyingine kabla hujaifungua mashine yako, kwa sababu flashi nazo hufa.

La pili ni taa inayowaka na mlio unaosikika, halafu hakuna kitu. Hapo umeme umefika, shida iko kwenye kuelewana. Kipimo kizuri cha bure ni kuwasha upya na kuingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijaamka: kibodi ya USB ikifanya kazi pale na ikafa ukishaingia Windows, usimsumbue fundi wa bisibisi, ugonjwa uko kwenye draiva au kwenye sasisho. Hata wenye Windows yao hujikwaa: Oktoba 2025 Microsoft walikiri kwamba sasisho moja la Windows 11 lilizima kibodi na vipanya vya USB ndani ya sehemu ya ukarabati, yaani palepale unapokwenda ukiwa na shida, na ikabidi watoe jingine ndani ya siku chache. Wakati mwingine ni jambo dogo zaidi: flashi imetambuliwa ila haikupewa herufi yake, na ukifungua usimamizi wa diski unaikuta imekaa pale, haina jina, kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

La tatu linaniumiza roho. Flashi inaonekana, ina herufi, ukiigusa Windows inakuambia lazima ifomatiwe kwanza. Hapo mikono juu. Wanafunzi wanabonyeza kukubali kwa sababu kitufe kiko pale, na mwaka mzima wa utafiti unafutika orodha yake. Nileteeni kabla ya kubonyeza. Mara nyingi kuna kinachookoleka.

Nimesoma pia kuhusu tundu lenyewe, maana nilitaka kujua nimkasirikie nani. USB ilitoka mwaka 1996, na mmoja wa waliokuwa mbele kwenye kazi hiyo ni Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyezaliwa India. Kabla yake kila kitu kilikuwa na tundu lake, la printa peke yake lilikuwa na sindano 25. Bhatt ameshaeleza kwa nini upande mmoja tu ndio unaoingia: kuifanya iingie pande zote kungeongeza nyaya na gharama, na walihofia watengenezaji wangeikataa. Ile ya kuingia pande zote, ya aina ya C, ilikuja mwaka 2014, na kwenye meza yangu bado haijafika. Lile tundu la bapa limesanifiwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Nikapiga hesabu ya msimu mmoja wa TFC, wanafunzi kwa siku, kila mmoja anarudi mara mbili tatu, nikaacha kupiga hesabu.

Sikumkasirikia kijana. Yeye alikuwa wa mwisho tu kwenye foleni ndefu.

Mahali pa matundu ya mbele nimepaziba kwa utepe, na waya wake wa ndani haujarudishwa. Nyuma nimechomeka waya wa nyongeza wa USB, mrefu kama mkono, mwisho wake nimeufunga kwenye mguu wa meza ili mteja achomeke pale. Ukichakaa unatupwa, ni wa bei ya chai na maandazi machache, na bodi mama haiguswi. Kibodi ya QWERTY imerudi kwenye sanduku lake, na nimeibandika karatasi yenye herufi za kweli. Papa hakutaka pesa. Alichukua lile tundu bovu nilipomwambia sitalitumia tena, akalitazama, akalitia mfukoni. Hakuniambia atalifanyia nini, na redio zake sijui kama zinahitaji USB.

Jana aliingia msichana na daftari kifuani, amechoka. Nikamwonyesha ule waya kwenye mguu wa meza. Akachomeka, ikakataa. Nikashika pumzi. Akaigeuza, ikakataa. Akaigeuza tena, ileile ya kwanza, ikaingia. Chini ya meza taa ndogo ya bluu ikawaka.

"Yaya, kurasa 62. Nakala nne."